TAHARIRI: Aya Isiyosomeka



Wasomaji wetu wa siku nyingi watakumbuka toleo letu moja la Ramadhani ambalo halikugawiwa misikitini baada ya swala ya Ijumaa kama ilivyo ada. Sababu hatukuitaja wakati ule. Leo tunaitaja. Magunia yalipofika Ifakara kutoka kwa mchapaji, mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa, aliyekuwa akitusaidia kukunja nakala, aliuliza hii iliyoandikwa ukurasa wa kwanza ni lugha gani. Ilikuwa ni aya ya Qur'ani. Herufi zake zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, na mstari umepinduka ukaanzia kushoto. Nakala zote tulizichoma kwa heshima na majivu tukayafukia, na fedha za michango ya waumini wa Mlimba, Mang'ula na Mahenge zikapotea.

Kosa halikuwa la mchapaji. Yeye alichapa alicholetewa. Kosa lilikuwa letu. Kurasa tulizipanga kwa programu tuliyonakiliwa na rafiki kwenye flashi, isiyo na leseni, na tena ilitengenezwa kwa ajili ya herufi za Kilatini tu.

Anayejua Kiarabu anafahamu uzito wa jambo hili. Herufi ya 'ayn ina sura nne: ikiwa peke yake, ikiwa mwanzo wa neno, ikiwa katikati na ikiwa mwisho. Alif, dal, dhal, ra, zay na waw haziungani na herufi inayozifuata. Kisha juu na chini ya hizo zote hukaa irabu, shadda na sukuni. Mwandishi wa kalamu hufanya haya bila ya kufikiri, lakini kompyuta haifanyi mpaka ifundishwe. Ile yetu haikufundishwa, ikazipanga herufi kama anayepanga matofali.

Tangu hapo tumehamia kwenye Scribus, programu ya kupangia kurasa za vitabu na magazeti ambayo yeyote huruhusiwa kuinakili, kuitumia na hata kuirekebisha. Aliyeianzisha ni Mjerumani, Franz Schmid, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2003. Kwa miaka mingi nayo ilikuwa na upungufu uleule wa Kiarabu. Walioutatua, na hili limetufurahisha kwa udugu wa karne nyingi uliopo baina ya pwani yetu na nchi yao, ni kundi la wataalamu wa Oman. Kazi yao iliingia katika toleo la majaribio la 1.5.3 mwaka 2017, na ikawafikia watumiaji wa kawaida katika toleo la 1.6.0 la Januari 2024. Fonti tunayotumia ni Amiri, ya Mmisri Khaled Hosny, aliyeifuatisha chapa ya matbaa ya Bulaq ya Cairo. Nayo hutolewa bure.

Wapo watakaosema kuwa programu ya kunakili inatosha, kwani wenyewe ni matajiri wa ng'ambo. Hoja hii tumeisikia hata kwa wenzetu walimu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilipitisha katika azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Tajiri wa ng'ambo hakuvuliwa humo. Itakuwaje basi tuhubiri amana katika ukurasa wa pili, na ukurasa wenyewe umepangwa kwa chombo tulichokitwaa bila ya idhini? Baadhi ya ndugu huifananisha Scribus na wakfu. Kifiqhi si wakfu, kwani ni idhini ya mwenye mali tu, lakini manufaa yake yanakaribiana.

Hatusemi kwamba ni rahisi. Aliyezoea programu ya kuandikia barua atataabika wiki za mwanzo, kwani hapa kila habari huwekwa ndani ya fremu yake na mwelekeo wa Kiarabu huchaguliwa kwa mkono. Faili lililohifadhiwa katika toleo la 1.6 halifunguki katika matoleo ya zamani ya 1.4. Kwa hiyo mchapaji apelekewe PDF, fonti zikiwa zimepachikwa ndani yake. Asipelekewe faili lenyewe. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Za simu zilizopitia WhatsApp hutoka na ukungu. Mfuatano wa kukunja huachiwa mchapaji: katika jarida la kurasa nane, ukurasa wa 8 hukaa pamoja na wa 1, wa 2 na wa 7, wa 6 na wa 3, wa 4 na wa 5.

Na umeme ukikatika, kama unavyokatika hata katika bonde hili lenye mabwawa ya Kidatu na Kihansi, hifadhini kazi kila baada ya aya moja.

Sasa kila toleo husomwa kwanza kwenye karatasi na walimu wawili waliohifadhi Qur'ani, kabla ya PDF kuondoka Ifakara. Misikiti inayotaka kutoa jarida lake ilete kijana mmoja na flashi tupu, Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Programu na fonti atapewa bila malipo.

Wabillahi tawfiq.