Glavu si kishikio

Mmezoea nikigomba hapa kuhusu programu. Leo nagomba kuhusu brasi, ile shaba ya manjano inayotolewa kwenye mifereji mibovu na kufuli zilizochoka, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye mchanga, ikatoka pete, hereni na bangili.

Sababu ya kuingilia kazi isiyo yangu ni hii. Ninatunza programu ya oda ya mafundi kadhaa wa Mukuru kwa Njenga. Si programu kubwa: oda imeingia, vipande vimetoka, vingapi vimeharibika, na kwa nini. Kwenye safu ya "kwa nini" maneno matatu yanarudi kila mara: yai, meno, imeruka. Yai ni pete au bomba lililopoteza uduara. Meno ni alama za chaki ya drili. Imeruka ni kipande kilichochomoka kwa kasi, na siku ya bahati kikaishia kwenye mabati. Siku isiyo ya bahati hakuna kinachoandikwa, kwa sababu mwandishi ameenda kushonwa mkono.

Maneno matatu, chanzo kimoja: kipande hakikushikwa vizuri. Lakini sikiliza mazungumzo ya kuboresha kazi hii. Drili gani? Wati ngapi? Ya Ujerumani au ya Uchina? Hakuna anayeuliza kipande kitashikwa na nini. Sisi watu wa kodi tuna ugonjwa huo huo: programu ikiwa nzito, nunua seva kubwa. Mimi nasema kishikio kwanza, mashine baadaye.

Tufanye hesabu. Drili ya kawaida ya mkono, bila mzigo, huweza kuzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata mara 50 kwa sekunde. Binadamu huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kuitikia jambo asilolitarajia. Kwa hiyo kipande kikikwama na kuanza kuzunguka na drili, kimezunguka mara 10 kabla kidole chako hakijapata habari. Usiniambie una uzoefu wa miaka mingi. Uzoefu haubadilishi hesabu.

Na brasi ina tabia yake. Biti iliyonolewa kwa ajili ya chuma haiikati taratibu. Inajichimbia yenyewe, hasa inapokaribia kutokea upande wa pili, na kipande kinanyakuliwa. Wanaojua hunoa ukingo wa biti uwe bapa kidogo ili ikwangue badala ya kuchimba. Wasiojua hukaza mkono.

Hapo ndipo mtu anapoleta glavu. Mradi mmoja, jina siliweki, ulileta mtaani drili mpya pamoja na glavu nene za ngozi. Picha zikapigwa, watu wakapiga makofi. Kishikio hata kimoja hakikuletwa. Jamani, karibu na kitu kinachozunguka glavu si kinga, ni kamba. Biti ikishika ncha ya glavu, mkono mzima unafuata. Ndiyo maana anayefundishwa drili na mashine ya kukerezea huambiwa mapema: vua glavu, funga mikono ya shati, toa mkufu. Glavu ni za kumimina na kubeba vitu vya moto. Ziacheni huko.

Haya, tuchague vishikio.

Chaki ya meno matatu, ile iliyokuja na drili, inafaa kipande kizima kisicho na uwazi ndani. Kwa bomba jembamba ni balaa. Meno yake ni chuma kigumu na brasi ni laini, kwa hiyo inaacha alama. Pia inabana sehemu tatu tu. Unapiga msasa bomba likiwa limebanwa, unaona duara safi, unalegeza, bomba linajinyoosha na duara linapotea. Hilo ndilo yai.

Koleti ni bomba fupi lililopasuliwa, linalokumbatia kipande pande zote kwa pamoja. Kwa vipande vingi vya ukubwa mmoja hakuna kinachoishinda. Ubaya wake ni kwamba kila ukubwa unataka koleti yake. Watu wanasikia hivyo wanakimbia, wakidhani lazima wanunue sanduku zima. Kama oda zako zina saizi mbili, unahitaji koleti mbili. Mkerezaji wa Kariobangi Light Industries anaweza kukutolea kwenye kipande cha nondo.

Kishikio cha ndani ndicho nikipendacho kwa pete. Chukua mti mgumu, uchonge uwe mwembamba mbele na mnene nyuma, upasue kwa msumeno, weka skrubu katikati. Ukikaza skrubu, mti unatanuka na kushika pete kutoka ndani. Uso wa nje, ambao mteja anautazama, haujaguswa. Mguu wa kuingia kwenye chaki uwe na pembe sita, maana meno matatu hukaa juu ya pande tatu za bapa na hauwezi kuteleza. Mti ukichakaa, chonga mwingine.

Na kama biti ndiyo inayozunguka na kipande kimetulia, tumia jiliwa, au ubao uliochimbwa umbo la kipande na kufungwa mezani kwa bolti. Si vidole. Si koleo mkononi.

Kule Marekani kuna watu wanaojaza upya maganda ya risasi. Ganda lenyewe ni brasi, sehemu 70 za shaba na 30 za zinki, na mdomo wake ni mwembamba. Wengi wao huzungusha ganda kwa drili ya betri kama ya kwetu ili kukata na kusafisha mdomo. Wana kishikio cha kila ukubwa, na kinashika kitako, kwa sababu kitako ndicho kinene. Mimi sitaki risasi Mukuru. Nataka akili hiyo tu: shika penye unene, fanyia kazi penye wembamba.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Dawa ni drili ya kusimama." Ni nzuri, kweli. Lakini mwaka 2021 ubomoaji wa kupisha barabara uliwaacha maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga bila makao wala vibanda vya kazi. Hapa kifaa kizuri ni kile unachoweza kukimbia nacho, na kishikio kinaingia mfukoni. Halafu kuna stima. Inapotea ukiwa umefunga drili kwa kile kitufe cha ubavuni, inarudi, drili inaanza yenyewe. Bora ikute kipande kwenye jiliwa kuliko ikikute kwenye kiganja.

La pili: "Mteja halipii kishikio." Mteja analipia uduara. Serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu kuanzia Januari hadi Mei 2022, kila fundi aliona kwamba brasi si takataka. Kila yai linarudi jikoni: makaa mengine, saa nyingine. Na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, karibu kabisa na joto la kuyeyusha brasi yenyewe. Kila ukiyeyusha tena, zinki inatoka kama moshi mweupe, na wewe ndiye unayeuvuta. Kipande kibovu unakilipia mara mbili, mfukoni na kifuani.

La tatu: "Kuna sheria." Zipo. Sheria ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na nyingine ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia. Sasa niambie, fundi wa jua kali aliyejiajiri atamdai nani? Atajidai mwenyewe, kwa mkono uliobaki.

Kwa hiyo nunua drili ya bei ya chini kidogo na kinachobaki kiende kwenye kishikio. Na wewe unayeleta misaada, kabla ya kununua chochote uliza fundi anatengeneza saizi gani, kisha lipa mkerezaji atoe koleti za saizi hizo. Hazitapendeza kwenye picha.

Nimeongeza sehemu kwenye programu: kila oda sasa inauliza kishikio kilichotumika, na haikubali jibu "mkono". Wawili wamelalamika tayari. Waendelee kulalamika.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.