Ndoto si shahidi wa kumtia mtu hatiani

Katika Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, wilaya zilizofanya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, ndoto si jambo la mchezo. Marehemu akimjia mjukuu usingizini, ukoo huuliza anadai nini. Wapo wanaosema kuwa hata uganga wao waliitiwa kwa ndoto. Hatuyasemi haya kwa kejeli, kwani sisi Waislamu nasi tuna Sura ya Yusuf, ambayo kisa chake kinaanza kwa ndoto ya mtoto.

Kinachotusumbua ni safari ya ndoto baada ya kupambazuka. Chukulia mama aliyefiwa na mtoto wa pili kwa homa. Usiku anamwona bibi jirani amesimama mlangoni, hasemi neno. Usiku wa tatu bibi ni yuleyule. Asubuhi mama anakwenda kwa mpiga ramli, kuku anapasuliwa, na yale aliyoyatamka mwenyewe akilia anarudishiwa kana kwamba yametoka kwingine: adui yako ni mwanamke, ni mzee, yuko karibu. Pengine macho ya bibi huyo ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Yanayofuata, watu wa Kanda ya Ziwa wanayajua. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikuwa kikiripoti mamia ya watu kuuawa nchini kila mwaka kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Amri ilikuwa njema, lakini amri haimzuii mfiwa kuota.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa ndoto ni za namna tatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu inajizungumzia yenyewe. Hii ya tatu ndiyo tunayoipita haraka. Ajabu ni kwamba aliyeipokea Hadithi hiyo kutoka kwa Abu Huraira ni Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 729, yuleyule ambaye jina lake limebandikwa kwenye vitabu vya tafsiri za ndoto vinavyouzwa nje ya misikiti (nyoka ni kadha, jino ni kadha), ilhali wanazuoni wengi wanatilia shaka kuwa aliviandika yeye. Na hakuna kadhi awezaye kumhukumu mtu kwa ndoto ya mwenzake.

Mwaka 1925 tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Jung, alifika Afrika Mashariki na kupiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Aliwauliza wenyeji habari za ndoto zao. Mzee mmoja, mganga wao, alimjibu kwa masikitiko kwamba zamani waganga waliota wakajua vita na maradhi, lakini tangu Waingereza waingie hapana tena aotaye, kwa kuwa wao ndio wanaojua kila kitu. Jung hakulisahau jibu hilo. Yeye alishikilia kuwa watu tunaowaona ndotoni mara nyingi ni sehemu za nafsi zetu wenyewe, zimevaa sura tuzijuazo: hofu, majuto, msiba usioliliwa ukaisha. Tabibu wa njia hii hatoi tafsiri kama mwenye kamusi. Humwuliza mwotaji, kisha husikiliza, kikao baada ya kikao.

Si kila alisemalo Jung tunalikubali, lakini hapa anakaribiana mno na ile namna ya tatu.

Huenda msomaji akatupinga kwamba tumeagizwa ndoto mbaya tusimsimulie yeyote, bali tujikinge kwa Mwenyezi Mungu na kugeukia ubavu mwingine. Ni kweli, na agizo hilo peke yake lingefuatwa Simiyu lingeokoa roho za watu. Yaaqub naye alimkataza mwanawe kuwasimulia ndugu zake, kwa kuijua hasadi yao. Lakini tunaona, na mashehe watusahihishe, kwamba katazo ni la kuitangaza ndoto na kuitafutia maana ya shari. Mtu ambaye jinamizi lilelile linamrudia mwezi mzima, halali, hali, huyo ni mgonjwa, na kumweleza tabibu maradhi yako ni katika kutafuta dawa tuliyoamrishwa. Siku hizi wapo matabibu wanaomfundisha mgonjwa kuisimulia jinamizi yake mchana, kuibadilisha mwisho wake, na kuirudia hiyo mpya akilini kila siku hadi ya zamani ipungue nguvu.

Wataalamu hao ni wachache, na kutoka Meatu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni nauli ambayo mkulima wa pamba hana kila msimu. Kwa hiyo anayebaki karibu ni imamu, au mama mtu mzima wa mtaani, akiwa tu na subira ya kusikiliza bila kutaja jina la mtu.

Mama wetu angeulizwa aliyokuwa hakuulizwa kwenye ramli. Mlango ule ni wa nyumba ipi? Mtoto alipozidiwa, wewe ulikuwa wapi? Bibi huyu ni nani kwako? Pengine ingebainika kuwa ndiye aliyemkanda alipojifungua, na kwamba siku ya msiba alisimama mlangoni kweli, akakosa neno la kusema.