TUZO YA UBORA IFIKE NGARA NA BIHARAMULO

Taifa likitaka kujua kama kazi zake zinafanywa vizuri, lina njia mbili. Ya kwanza ni kuwauliza wanaozifanya. Ya pili ni kuwauliza wanaofanyiwa. Njia ya kwanza ni rahisi, maana hakuna mpishi asemaye kwamba chakula chake hakikuiva. Njia ya pili ina taabu, lakini ndiyo yenye kweli.

Nchi yetu sasa ina Tuzo za Ubora za Kitaifa. Zinaandaliwa na Wizara ya viwanda na biashara pamoja na Shirika la Viwango, TBS, ambalo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1975. Hupewa makampuni, bidhaa na huduma zilizoonekana kuwa bora. Sisi tunaziunga mkono kwa moyo wote. Watu waliojitawala hawawezi kuridhika na kazi mbovu, wala hawawezi tena kumsingizia mkoloni.

Lakini tuna neno la kusema, na tunalisema mapema. Tuzo ya namna hii ni rahisi kugeuka karamu ya mjini: watu wakavaa suti, wakapigwa picha, wakapeana ngao, halafu kila mtu akarudi nyumbani. Karamu kama hiyo haimpunguzii hata saa moja ya kungoja mama aliyebeba mtoto mwenye homa katika kijiji cha Ngara au cha Biharamulo. Kama tuzo ni ya Taifa, basi na ifike mpaka linapoishia Taifa.

Wilaya hizi mbili ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na wako watu wanaoziita za pembeni. Wamekosea. Anayeingia kutoka Rwanda kwa njia ya Rusumo, au kutoka Burundi kwa njia ya Kabanga, kwake Ngara ndiyo Tanzania ya kwanza. Hapo Rusumo pana mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Biharamulo pana mgodi wa dhahabu uliojulikana kwa jina la Tulawaka. Mwaka 2013 shirika letu la umma, STAMICO, liliuchukua kutoka kwa kampuni ya kigeni na kuukabidhi kwa kampuni yake tanzu, STAMIGOLD. Basi hapa pana mpaka, pana umeme na pana mali ya umma. Pembeni ni wapi?

Tutazame hapo Rusumo, maana pana somo. Zamani dereva wa lori alisimama upande wa kwanza akakaguliwa, akavuka daraja, akasimama tena upande wa pili akakaguliwa upya. Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja jipya pamoja na kituo cha pamoja cha mpaka. Maofisa wa nchi mbili wakakaa mahali pamoja, na dereva akawa anasimama mara moja. Ubora ndio huo. Si rangi ya jengo wala viti vya ofisini, bali ni taabu iliyoondolewa mabegani mwa mtu anayehudumiwa.

Daraja na kituo hicho vilijengwa kwa msaada wa Japani, na Wajapani hao wana historia inayotufaa. Waliposhindwa vita mwaka 1945 viwanda vyao vilikuwa vifusi, na bidhaa zao zilichekwa duniani. Hawakukaa kulia. Walimwalika Mmarekani W. Edwards Deming awafundishe namna ya kupima kazi, na mwaka 1951 wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Miaka ikapita, Wamarekani wakaona magari na redio za Kijapani zimejaa katika masoko yao wenyewe. Mwaka 1987 nao wakatunga sheria ya tuzo yao ya Taifa, wakaipa jina la Malcolm Baldrige, aliyekuwa waziri wao wa biashara. Mwalimu akageuka mwanafunzi.

Tuzo hiyo ya Marekani kwa miaka mingi ilipimwa kwa alama 1,000, na 450 kati ya hizo zilikuwa za matokeo. Mipango mizuri, vikao na hotuba havikutosha; mshindani aliulizwa, matokeo yako wapi? Tena waliofika hatua za mwisho walifuatwa na wakaguzi mpaka mahali pao pa kazi. Na asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya wakubwa tu. Mwaka 2001 tuzo hiyo ilichukuliwa na wilaya ya shule iitwayo Chugach, huko Alaska, yenye wanafunzi 214 tu, waliotawanyika katika eneo kubwa kuliko mkoa mzima wa Kagera. Kama watoto 214 katika theluji waliweza kuliletea jina Taifa kubwa, shule ya Ngara inashindwa nini?

Tena watu wa Ngara wasiambiwe kwamba hawajui kazi ya mpango. Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, na kwa muda wa kama siku moja waliingia watu kiasi cha laki mbili na nusu. Ilibidi maji yapatikane, vyoo vichimbwe na wagonjwa watibiwe. Mashirika ya dunia yalifika, lakini wenyeji ndio waliokuwa wenye ardhi, wenye kuni na wenye visima. Hakuna aliyewapa ngao.

Sasa tuje kwetu leo. Vipimo tunavyo, tusidanganyane. Kuanzia mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa nyota, kutoka sifuri mpaka tano. Katika awamu ya kwanza karibu theluthi moja ya vituo nchini havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia tatu vilikuwa vichache mno. Habari hiyo ilikuwa chungu, lakini Serikali haikuificha. Awamu ya pili, mwaka 2017 na 2018, vituo visivyo na nyota vilipungua sana. Uchungu wa kweli ulizaa dawa.

Kwa upande wa halmashauri, kila mwaka tunasikia habari za hati safi. Tunazifurahia. Lakini wananchi waelewe: hati safi husema kwamba hesabu za fedha zimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba dawa zilikuwapo, wala kwamba mwananchi alijibiwa kwa heshima. Vilevile mbio za Mwenge, zilizoanza mwaka 1964, hukagua miradi, lakini Mwenge hulala usiku mmoja na kesho yake huondoka. Mzani wa kahawa katika chama cha msingi hubaki mwaka mzima. Mkulima anajua kama mzani huo ni wa haki kuliko mkaguzi yeyote.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, tuzo ya Taifa iwe na fungu la wadogo: zahanati, shule, chama cha msingi, ofisi ya kata, na TBS wapeleke fomu na mafunzo katika wilaya. Pili, waamuzi wafike bila tarumbeta, wakae katika foleni, wamwulize anayehudumiwa kabla ya kumwuliza mkubwa wa ofisi. Tatu, matokeo yasomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, na nyota za zahanati zibandikwe mlangoni pake, ziwe tano au ziwe sifuri.

Kwenu wanachama wa Ngara na Biharamulo tuna neno jingine. Msingoje waamuzi. Kila tawi liulize leo: mgonjwa hungoja saa ngapi? Mkulima hulipwa baada ya siku ngapi? Barua ya mwananchi hujibiwa lini? Andikeni majibu, na baada ya miezi mitatu ulizeni tena. Na pale anayeulizwa ni mwanachama mwenzetu mwenye cheo, msimwonee haya. TANU iliwafundisha wanachama wake kwamba cheo ni dhamana, na Mwongozo wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Kiongozi anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujipa alama zake mwenyewe.

Hatusemi haya kwa kumvunja moyo mfanyakazi. Wako wauguzi na walimu katika wilaya hizi wanaofanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja, na hao ndio tunaotaka watajwe mbele ya Taifa. Lakini mwema hatambuliwi mahali ambapo mwema na mvivu hawapimwi. Tuzo itakayompata muuguzi huyo kijijini kwake ndiyo tutakayoiita ya Taifa.

Uhuru na Kazi!