Kaka, hiyo manifoldi si ya kwendea sokoni

Najua nimepotea, wiki tatu nzima sijaandika kitu. Ni majaribio yaliyofuatana kama mabehewa, halafu boom nalo likachelewa kama kawaida yake, basi hata hamu ya kuandika ikaisha. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo. Wale mnaosubiri mwendelezo wa stori za mabweni mtanisamehe, leo naongelea injini.

Msishangae. Wanaonifahamu wanajua mzee wangu ni fundi magari na mimi nimekulia gereji nikimpa spana. Ualimu ndio ninaousomea, Fizikia na Hisabati, ila harufu ya grisi haijanitoka.

Hasira zangu zinamhusu kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Houston kule Marekani. Mwaka jana alinunua Chevrolet Camaro ya 1974, yale magari ya zamani yenye injini kubwa ya V8 ambayo wenyewe wanayaita magari ya misuli. Wengi husema mtindo ule ulianza na Pontiac GTO ya 1964. Camaro ya kaka ina injini ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na ilitoka kiwandani na kabureta ya midomo miwili. Nguvu zake? Farasi 145 tu! Mkumbuke kuanzia 1971 watengenezaji wengi kule walishusha mgandamizo wa injini, na 1972 wakabadilisha namna ya kupima nguvu, wakawa wanapima injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Kwa hiyo gari linaonekana simba, ukikanyaga mafuta unakuta ni paka mnene.

Pasaka kaka akanipigia. "Mdogo wangu, nataka kubadilisha manifoldi ya kuingizia hewa, unashauri nini?" Nikafurahi, nikamweleza. Alipomaliza kunisikiliza akacheka, akasema, "Wewe mwalimu bwana, baki na chaki yako," kisha akaenda kununua kinyume kabisa cha nilichomwambia.

Haya, kwa wasiojua: manifoldi ya kuingizia ni lile dude linalokaa katikati ya V ya injini, chini ya kabureta. Kabureta inachanganya hewa na petroli, manifoldi inagawa ule mchanganyiko kwa silinda zote nane. Ya kiwandani kwenye Camaro kama ile ni ya chuma cha kusubu, nzito kweli kweli, na imetobolewa kwa kabureta ya midomo miwili. Ukitaka kabureta ya midomo minne, na kaka alikuwa anaitaka, kubadilisha manifoldi ni jambo la maana. Hapo hatukubishana. Unapata ya aluminiamu, unapunguza uzito, injini inapumua. Ubishi ulikuwa ni manifoldi ipi.

Ziko aina kuu mbili, mimi naziita ya ghorofa mbili na ya ghorofa moja.

Ya ghorofa mbili ina chumba cha hewa kilichogawanywa katikati, kila upande unalisha silinda nne. Injini hii ya Chevrolet inawasha silinda kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Upande mmoja unalisha 1, 4, 6 na 7, mwingine unalisha 8, 3, 5 na 2. Angalieni vizuri mtaona zinapokezana: huku, kule, huku, kule. Hakuna silinda mbili za upande mmoja zinazogombania hewa kwa wakati mmoja. Njia zake ni ndefu, na mchanganyiko unakwenda kwa kasi hata injini ikiwa inazunguka taratibu.

Ya ghorofa moja ina chumba kimoja kikubwa, wazi, na njia fupi zilizonyooka kwenda kila silinda. Injini ikizunguka kwa kasi sana hii ndiyo mfalme, kwa sababu hewa haikutani na kona nyingi. Lakini injini ikiwa chini, hewa inazubaa. Inakwenda polepole, petroli inaanguka na kulowanisha kuta za manifoldi badala ya kufika kwenye silinda ikiwa kama ukungu, na ule mvuto unaotakiwa kuvuta petroli kutoka kwenye kabureta unakuwa dhaifu.

Kama hamjanielewa, chukueni mirija miwili ya soda, mmoja mwembamba na mwingine mnene. Vuta pumzi ndogo ile ile kwenye yote miwili. Kwenye mwembamba utaisikia hewa inakimbia, kwenye mnene utadhani huvuti kitu. Sasa vuta kwa nguvu zako zote: mwembamba unakubana, mnene unakupa hewa mpaka mapafu yashibe. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi.

Na wala watengenezaji hawafichi. Edelbrock, kampuni ambayo mwanzilishi wake Vic Edelbrock alitoa manifoldi yake ya kwanza, Slingshot, mwaka 1938 kwa ajili ya Ford V8, wanasema wazi kila manifoldi inafanya kazi mizunguko mingapi kwa dakika. Kwa injini kama ya kaka, Performer ni kuanzia injini ikiwa haijakanyagwa hadi 5500. Performer RPM ni 1500 hadi 6500. Zote mbili ni za ghorofa mbili. Victor Jr. ambayo ni ya ghorofa moja ni 3500 hadi 8000. Maandishi ya kusoma na kuelewa! Kaka akanunua ya ghorofa moja, ya kampuni nyingine lakini ya tabia hiyo hiyo, kwa sababu alimwona jamaa mmoja kwenye video gari lake linanguruma nayo.

Mimi nikakaa na kalamu kama mwanafunzi wa Hisabati. Tuseme difu ya gari ni 3.08, tairi lina kipenyo cha inchi 26, na gia ya juu ni moja kwa moja. Mizunguko 3500 ukigawa kwa 3.08 tairi linazunguka kama mara 1136 kwa dakika. Kila mzunguko ni mita 2.07 hivi. Jibu: kilomita 140 kwa saa na ushee. Yaani akiwa gia ya juu, manifoldi yake inaanza kazi pale ambapo askari wa barabarani naye anaanza kazi. Mtaniambia gia ya kwanza ataifikia mapema. Kweli, kwa sekunde chache kila anapoondoka kwenye taa. Muda wote uliobaki, kazini, dukani, kumpeleka mtoto shule, injini iko kati ya 1000 na 3000. Kanunua koti la baridi kwa ajili ya siku tano za mwaka, halafu analivaa kila siku kwenye joto la Houston.

Ningecheka na kuishia hapo, lakini mwezi uliopita kilitokea kitu.

Kule wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukikata kushoto ndiyo unakatiza magari yanayokuja. Kaka alikuwa anakata kushoto, binti yake wa miaka sita kakaa nyuma. Akaona nafasi, akakanyaga mafuta ghafla. Gari likapiga chafya, likasita, likazima. Katikati ya njia panda. Pikapu iliyokuwa inakuja ilifunga breki mpaka moshi ukatoka kwenye matairi, ikasimama hatua chache kutoka kwenye mlango wa upande alikokaa mtoto. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Aliponisimulia sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya "baki na chaki yako".

Sasa nieleweke. Silaumu kile chuma. Manifoldi ilifanya kazi iliyotengenezewa, ila ilifungwa kwenye injini isiyoitaka: kamshafti ya kiwandani, silinda hedi za kiwandani, mgandamizo mdogo, difu ya kwendea safari. Fundi makini angeweza kupunguza kile kigugumizi kwa kurekebisha pampu ndogo ya kabureta inayorusha petroli unapokanyaga ghafla. Angepunguza tu. Tatizo lenyewe lingebaki pale pale.

Najua kuna watakaobisha. Mmoja wa hosteli yetu, anayefuatilia mashindano, aliniambia, "Mbona wanaoshinda mbio wanatumia ghorofa moja?" Ni kweli wengi wanatumia. Lakini wamebadilisha na kamshafti, wameweka silinda hedi zenye milango mikubwa, eksozi za mirija, difu fupi, na injini yao haishuki chini ya 4000 tangu bendera inapodondoka. Kwao ni sahihi kabisa. Mwingine akasema kwenye mashine ya kupimia nguvu ghorofa moja inatoa namba kubwa zaidi. Namba kubwa iko wapi? Juu kabisa, mahali ambapo kaka hafiki. Gari la kila siku halihitaji kilele kirefu, linahitaji nguvu pale mguu ulipo. Huo ndio msimamo wangu na sitoki.

Basi Jumapili kaka kapiga tena. Kasema anavua ile manifoldi, kanunua ya ghorofa mbili, na ataifunga mwenyewe gereji kwake, ila nikae naye kwenye simu. Nikamwambia sawa, kwa sharti moja: kila hatua nitakayosema asicheke.

Nikamwandalia orodha. Amwage maji ya rejeta kwanza, maana kwenye injini hii maji yanapita ndani ya manifoldi upande wa mbele, pale inapokaa thamostati. Distributa nayo imepita kwenye manifoldi, lazima itoke, kwa hiyo aweke alama rota inaelekea wapi, la sivyo atarudi kunililia kwamba injini haiwaki. Aziba matundu yote kwa matambara safi, nati moja ikidondoka mle kazi imeharibika. Akwangue gasketi ya zamani taratibu, aluminiamu hailingani na chuma, inachubuka. Mbele na nyuma apake silikoni nzuri badala ya zile gasketi za mpira zinazopenda kuteleza. Boliti ziko 12, aanzie katikati kwenda nje, kwa awamu, mpaka futi-pauni 30, asikaze moja mpaka mwisho halafu nyingine. Na aulize kama silinda hedi zimewahi kubadilishwa, kwa sababu za kuanzia 1987 zina boliti za katikati zenye mwinamo tofauti, manifoldi ya zamani haikai. Mwisho kabisa, kabla ya kufunga boneti, aishushe polepole aone kama haigusi kabureta.

Mzee alikuwa amekaa pembeni anasikiliza, maana nilikuwa nyumbani wikiendi hiyo. Akaomba simu. Kaka akamwamkia, "Shikamoo ba'mdogo." Mzee akaitikia, akamuuliza, "Spana ya tisa kwa kumi na sita unayo?" Mzee bado anazitunza spana zake za inchi tangu enzi za Land Rover 109. Kaka akasema anayo. Mzee akasema, "Haya. Msikilize dada yako." Akanirudishia simu, akaendelea na chai yake.

Jamani, niliondoka mezani nikajifanya nafuata sukari.

Nimekuwa nikilifikiria hili darasani pia. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Kidato cha Tatu, wanafunzi zaidi ya sabini. Wiki ya kwanza nilifundisha kwa ajili ya vijana wawili wa mbele waliokuwa wananijibu haraka, nikajiona mwalimu hodari. Nilipotoa zoezi, wale wawili walipata vizuri na darasa zima likazima katikati ya njia panda. Nilikuwa nimefunga ghorofa moja kwenye injini ya kila siku. Nilivyorudi kuanza na mirija ya soda ndipo tukasogea pamoja. Kwa hiyo kaka asidhani namcheka peke yake.

Jumamosi hii ndiyo siku ya kazi. Kwao asubuhi, kwetu jioni. Nimeshanunua bando, na nimewaambia wenzangu chumbani wasiniguse saa hizo. Akimaliza nimemwomba kitu kimoja: kabla ya kumpakia mtoto, aende ile ile njia panda peke yake, asubuhi mapema, akate kushoto mara kumi.

Nitawaambia ilivyokuwa. Kwa leo niishie hapa, kuna kazi ya saikolojia ya elimu inanisubiri na mwisho wake ni kesho saa nne. Alamsiki.