Mathenge Upi? Kosa la Kuupa Msitu Mzima Jina Moja

Leo mniwie radhi, sitazungumzia Linux wala simu mpya. Nataka kuzungumzia mti. Ndiyo, mti! Lakini usiondoke, ndugu msomaji, maana kosa ninalotaka kulipigia kelele ni letu sisi waandika programu, na mimi mwenyewe nimelifanya.

Nilikuwa Golbanti, kule Garsen, nikijaribu fomu ya simu niliyoiandika ya kukusanya taarifa za mimea vamizi. Fomu ilikuwa safi: mahali, picha, na orodha ya kuchagua jina la mmea. Kwenye orodha niliandika "Mathenge", basi. Mzee mmoja mfugaji akaitazama skrini, akaniuliza, "Mathenge upi, kijana?"

"Mzee, si mathenge ni mathenge tu?"

Akacheka. Akanionyesha mmoja wenye miiba mirefu, uliojitandaza hadi ukaziba malka, ile njia ng'ombe wanayoteremkia mtoni kunywa maji. Kisha akanionyesha mwingine, uliosimama wima na wenye miiba michache. "Na huu umeuweka wapi humo ndani?" Sikuwa na jibu. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya swali lake.

Turudi nyuma kidogo. Kumbukumbu zinaonyesha mti huu ulipandwa Kenya mwaka 1973, kwenye machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, kwa mbegu kutoka Brazil na Hawaii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na huku Tana River, ili watu wapate kuni na jangwa lizuiwe. Nia ilikuwa njema. Lakini maganda yake ni matamu. Mifugo huyala, mbegu hupita tumboni salama na kutoka na kinyesi zikiwa tayari kuota, na mafuriko huzipeleka mbali zaidi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakaleta mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari, kwa jina la Prosopis juliflora.

Hapo ndipo ninapogomba. Tumetangaza vita dhidi ya JINA, halafu tukadhani tumeujua mti.

Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya miti hii ya Kenya, Ethiopia na Tanzania, wakailinganisha na jamaa zake wa Amerika. Walikuta nini? Kwamba mbegu ziliingia Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Kwamba juliflora wavamizi wa Kenya na Ethiopia huenda asili yao ni Mexico, lakini wa Tanzania wana chimbuko lingine. Kwamba Kenya kuna pia Prosopis pallida, unaofanana sana na ule wa Peru, na ambao hauvamii. Na kwamba machotara wapo.

Tofauti kubwa imo ndani ya chembe hai. Jamaa wengi wa kundi hili, pallida akiwemo, wana seti mbili za kromosomu, yaani 28. Juliflora ana seti nne, 56. Watafiti hao wanaona kwamba huenda wingi huo ndio siri ya ushindi wake huku kwetu. Sasa niambie, ni jicho gani litahesabu kromosomu kutoka juu ya pikipiki?

Wala si sisi peke yetu. Huko Ulaya mialoni ya aina mbili, Quercus robur na Quercus petraea, huzaliana na kupata machotara, na wataalamu wamebishana juu ya mipaka yake kwa vizazi. Tofauti ni kwamba mwaloni haumzibii mtu njia ya maji.

Najua kuna atakayesema, "Mwiba ni mwiba, kata wote!" Sawa, njia ya malka ifunguliwe leo, sipingi. Lakini ukikata bila kung'oa kisiki, unachipuka tena. Ndiyo maana nchi nyingine hutumia wadudu: Afrika Kusini ilianza mwaka 1987 kuachilia mbawakawa wanaokula mbegu zake. Mdudu haangalii gazeti la serikali, anaangalia mmea. Ukikosea mmea, umekosea mdudu.

Na jina lenyewe limeshahama! Mwaka 2022 wataalamu wa mimea waliigawa jenasi ya Prosopis, na huyu wetu sasa wanamwita Neltuma juliflora. Mtu anayetafuta kwa jina la tangazo la 2008 na anayetafuta kwa jina jipya wanaweza kupata majibu tofauti juu ya mti mmoja. Kila aliyewahi kutengeneza hifadhidata anaijua dhambi hii: usitumie jina kama ufunguo, kwa sababu majina hubadilika.

Tufanye nini basi? Kila mti tunaouandika upewe namba isiyobadilika, na majina yote, ya zamani, mapya na ya kienyeji, yafungwe kwenye namba hiyo. Pili, tuchukue tawi lenye maua na maganda, likaushwe, lipelekwe kwenye hazina ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ili vinasaba vipimwe. Tatu, sheria itaje kundi zima. Watafiti wale wa 2021 wenyewe walipendekeza miti ya Amerika yenye seti mbili ihesabiwe kuwa kitu kimoja inapokuwa ugenini. Kwa hiyo orodha ndefu haihitajiki: juliflora upande mmoja, jamaa zake upande wa pili, na machotara wasiachwe nje.

Mimi fomu yangu nimeshairekebisha. Ina nafasi ya namba ya sampuli, na nafasi ya kuandika maneno ya mfugaji kama alivyoyasema. Yule mzee aliona kwa macho yake kile nilichokifuta kwa neno moja. Anayebisha na abishe, ila aje na tawi mkononi.