KUMFUNGIA KIJANA NDANI SI TIBA YA UNGA



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi. Kijana akinasa kwenye unga, familia zetu nyingi hufanya jambo moja. Humfungia chumbani wiki mbili mpaka arosto imalizike. Kisha huogeshwa, hupelekwa msikitini, watu wakasema alhamdulillah amepona, na mke akaanza kutafutwa. Sisi tunasema wazi: hiyo si tiba, na inaua.

Tuelewe kwanza unga unafanya nini. Mwenyezi Mungu ameweka katika ubongo kemikali iitwayo dopamini. Mtu mwenye njaa akila, au mzazi akicheka na wanawe, dopamini hutoka kwa kiasi, na ubongo hujifunza kuwa jambo lile lirudiwe. Zipo seli ambazo kazi yake ni breki, kuzuia dopamini isitoke ovyo. Heroini ikifika ubongoni hugeuka mofini, huzilaza zile breki, na dopamini humwagika kupita kiasi. Ubongo unaofurikishwa hivyo kila siku hujikinga kwa kufifisha hisia zake. Ndiyo maana teja hafurahii tena chakula, wala mtoto, wala Idi. Mwishowe hatafuti starehe, anakimbia maumivu.

Jee, wiki mbili zitaondoa haya? Mwili hutulia, lakini ubongo bado unakumbuka. Kupita tu karibu na maskani ya zamani huamsha hamu. Na hapa ndipo penye hatari kubwa: akikaa bila unga, mwili hupoteza ule uzoefu wa kuustahimili. Akirudia kipimo kile kile cha zamani, pumzi hukatika. Tulidhani tumemwokoa, kumbe tumemtoa akiwa dhaifu zaidi mbele ya sumu ile ile.

Wako wanaosema methadoni nayo ni ulevi, haramu juu ya haramu. Hawa wamewauliza madaktari? Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Hufanya kazi polepole, huzuia arosto, na mtu akaweza kwenda kazini. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011, Kenya 2014, Zanzibar 2015, na hapa Uganda ilianza Butabika mwaka 2020. Mbona wagonjwa wetu wa saratani hunywa mofini kwa amri ya daktari, na hakuna anayewaita walevi?

Hatusemi unga ni halali. Ni haramu, na anayewauzia watoto wetu ni adui wa umma huu. Lakini aliyekwisha kunasa ni mgonjwa. Dua na dawa havijapata kugombana. Mpelekeni hospitali asubuhi, na adhuhuri mumpe nafasi katika safu, bila kumnong'oneza wala kumkwepa.

Nanyi wanafunzi, anayekwambia uonje mara moja tu hatakuwepo siku ya arosto.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.