KUKATA MAROZA SI AZABU



Sisi tunaochunga nidhamu tunaona hivi: kila siku ya posho, wenye kuchelewa wanapewa kupekupe na kutumwa kwa maroza ya mbele ya biro. Mwenye azabu iko na hasira; anapiga tu, paa! Matawi yanapasuka, ugonjwa unaingia mule, kisha tunasema udongo wetu ni mubaya. Hapana.

Roza inatoa maua mengi kwenye matawi mapya, ndiyo maana inafaa kukatwa. Lakini kukata kuko na akili yake. Kwanza uondoe kilichokauka, kisha matawi yenye kusuguana. Tawi lenye uzima ulikate kwa makasi makali, nusu sentimeta juu ya jicho linaloangalia inje, mushazari kidogo.

Wengine watauliza: wenye azabu watafanya nini basi? Wafagie kiwanja, wakate majani. Maroza, tunaomba yapewe wanafunzi wawili wa kila darasa, wafundishwe na mwalimu wa biolojia. Kazi ya ufundi ikigeuzwa azabu, mutu anajifunza kuichukia tu.